Maji Yaliyopita Shambani Kwangu: Hotuba kwa Wanaojitolea wa Makanisa, Nakuru

Mwenyekiti wa kikao hiki, wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama wa ushirika, vijana wetu, na ndugu zetu mliotoka Njoro, Molo na Subukia kuja kuungana nasi hapa mjini Nakuru: nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo.

Masika yako karibu. Kila mmoja aliye katika ukumbi huu anajua uzito wa maneno hayo kwa makanisa yetu, kwa sababu kwa miaka kadhaa sasa mvua hiyo haiji peke yake. Huja na simu ya usiku wa manane, na tangazo la Jumapili kuhusu blanketi na unga, na lori la kukodi lililosimama nje ya kanisa alfajiri huku vijana wakipanda wakiimba. Kamati iliniomba nizungumze juu ya unyenyekevu kabla simu hizo hazijaanza kulia. Nimekubali kwa sababu nimekosea katika kazi hii, na makosa yangu yaliwaumiza watu waliokwisha kuumia. Ni afadhali myasikie kutoka kinywani mwangu kuliko kuyarudia.

Kosa la kwanza nililifanya Solai. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 ukuta wa bwawa ulibomoka huko juu, na maji yakashukia nyumba za watu waliokuwa wakijiandaa kulala. Zaidi ya watu 40 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Nilifika siku ya pili nikiwa na Biblia mkononi na maneno tele kinywani. Nilimkuta mzee wa rika langu akipekua matope kwa mikono mahali palipokuwa jiko lake, nikamwambia kwamba Mungu ana mpango wake na kwamba hakuna linalotokea bila sababu. Hakunijibu kwa ukali. Alinyamaza hadi nilipomaliza, kisha akaniomba nimshikie upande wa pili wa bati lililokuwa limekunjamana chini ya tope ili alitoe. Tuliliinua bati lile, halafu lingine, halafu lingine, na hadi jioni hatukuambiana neno zaidi ya "vuta" na "ngoja". Nilipoagana naye alisema, "Asante kwa mikono." Maneno yangu hakuyataja.

Usiku huo niliisoma upya habari ya marafiki wa Ayubu. Nilikuwa nimewahubiri mara nyingi nikiwalaumu, na sikuwahi kuona kwamba mwanzo wao ulikuwa mwema: walipomwona mwenzao waliketi naye chini, siku saba mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa walitambua ukubwa wa maumivu yake. Hiyo ilikuwa huduma kamili. Waliiharibu walipofungua vinywa kutafuta sababu. Naye Bwana alipogusia habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu hata baada ya Mai Mahiu, pale maji yaliposomba nyumba na watu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, niliwasikia watumishi wakitangaza kwa vipaza sauti kwamba maafa yale ni adhabu. Aliyesombwa Mai Mahiu hakuwa na dhambi kuliko aliyelala salama mtaani Milimani. Atakayetoka hapa akienda kuwaeleza wafiwa kwa nini wamefiwa, namwomba abaki nyumbani.

Lakini somo lililonigeuza nililipata katika uwanda wa Kano, na ninaomba mnivumilie nikilieleza kwa urefu.

Wengi wenu mmepita Ahero mkielekea Kisumu, mkaona mashamba ya mpunga yaliyolala sawa kama meza. Ardhi hiyo ni tambarare, na udongo wake ni mweusi, wa kunata, ukishashika maji hauyaachii upesi. Nyuma yake imeinuka milima ya Nandi, na mbele yake liko ziwa Victoria. Mvua ikinyesha huko juu, maji hushuka kwa kasi katika mto Nyando, nayo yakifika Kano hayapati mteremko wa kuyaendesha, basi hutandaa. Ziwa lenyewe likiwa limejaa, kama lilivyojaa mwaka 2020 hadi likaifikia na kuipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, mto hukosa pa kwenda. Wakazi wa Kano wanayajua haya tangu enzi za mababu. Wazee wao bado wanasimulia mvua kubwa za 1961, miaka miwili kabla ya Uhuru, na hawahitaji mtu wa Nakuru kuwafafanulia mafuriko ni kitu gani. Sisi hatukulifikiria jambo hilo hata kidogo tulipokuwa tukipakia lori.

Tuliondoka Ijumaa, tarehe 10 Mei 2024, siku ambayo serikali ilikuwa imeitangaza kuwa ya mapumziko ili wananchi wapande miti kwa kuwakumbuka waliokufa katika mafuriko ya mwaka huo. Tulikuwa watu 23, tukiwa na lori moja na matatu moja. Ubavuni mwa lori tulikuwa tumefunga bango lenye jina la kanisa letu. Bango hilo nililisimamia mimi mwenyewe, na fundi nilimrudishia kazi mara mbili kwa kuwa niliona herufi ni ndogo.

Muda mfupi baada ya kuacha lami, lori lilizama. Magurudumu ya nyuma yalitopea hadi lori likaketi kwa tumbo. Vijana wetu waliruka chini wakasukuma kwa nguvu zao zote, na kila walivyosukuma ndivyo lilivyozidi kujichimbia. Ndipo wakatokea watu, wanaume kwa wanawake, wakiwa na majembe, vipande vya mbao na mafungu ya mabua ya mpunga. Walikuwa ndio hao tuliokuwa tukiwapelekea msaada. Mmoja wao alimwambia dereva azime injini, akatuomba tushushe mzigo wote, na wakaanza kufukua bila haraka, kwa utaratibu wa watu waliokwisha kutoa magari mengi katika udongo ule. Kazi hiyo ilichukua saa mbili. Wakati huo wote, akina mama waliokuwa wamelala chini ya turubali kwa majuma kadhaa waliyabeba magunia yetu kichwani na kuyafikisha kambini.

Tuna methali isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulikuwa tumeichukua pamoja nasi ndani ya lori kama mzigo mmojawapo. Nilipokuwa nimesimama kando ya barabara ile nikiwatazama wenyeji wakituponya, nilianza kuona haya, ingawa sikujua bado ni haya ya nini.

Kambi yenyewe ilikuwa shule ya msingi iliyoinuka kidogo kuliko mahali pengine. Tuliingia uwanjani tukiwa na matope hadi magotini. Bibi mmoja mkongwe, ambaye kila mtu pale alimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, alikuja na karai la maji na kipande cha sabuni, akaliweka mbele yangu, akainama ili anioshe miguu. Nilirudi nyuma. Nilijua maji yale yalivyopatikana kwa taabu: visima vya karibu vilikuwa vimeingiwa na uchafu wa vyoo vilivyofurika, na maji ya kufaa yalitekwa mbali, yakabebwa kwa mitungi na kutiwa dawa kabla ya kutumiwa. Nikamwambia, "Hapana, mama, maji haya ni yenu. Sisi ndio tumekuja kuwahudumia."

Akanitazama kwa utulivu, akaniita mzee kwa lugha yake, akasema, "Jaduong', nyumba yangu imekwenda. Ng'ombe wangu wamekwenda. Kumpokea mgeni ndiko kulikobaki kwangu. Na hilo pia unataka kulichukua?"

Niliutia mguu wangu ndani ya karai.

Mnaijua sura ya 13 ya Injili ya Yohana. Tumeisoma kila mwaka Alhamisi Kuu, na kila tukiisoma tunajiweka mahali pa yule aliyejifunga kitambaa kiunoni na kushika maji. Ni mara chache tunajiona katika Petro, aliyeapa kwamba hataoshwa miguu kamwe, akaambiwa kwamba akikataa hana shirika na Bwana wake. Siku ile mimi nilikuwa Petro. Kukataa kwangu kulifanana na huruma, na ningeapa mbele ya mchungaji yeyote kwamba ni huruma. Lakini huku bibi yule akinisugua tope katikati ya vidole, niliona jambo ambalo sikupenda kuliona: nilikuwa nikikilinda cheo changu cha mtoaji. Mtoaji husimama, anayepokea huketi. Nilikuwa tayari kuinama kutoka juu nilikokuwa, na nikauita mwinamo huo unyenyekevu. Kuketi chini, nikapokea kutoka kwa mtu asiye na kitu, kulinishinda.

Nimelitafakari neno lile "shirika" tangu siku hiyo. Tunalitumia sana makanisani, tuna ushirika wa akina mama, ushirika wa vijana, kadi za ushirika. Huwezi kushirikiana na mtu ambaye umemkatalia kila kitu alicho nacho mkononi.

Tulipokwisha kuoshwa tulikutana na mwenyekiti wa kambi, mama wa makamo aliyechaguliwa na wenzake. Alikuwa na daftari la shule ambamo alikuwa ameandika kila kaya: idadi ya watoto, wajawazito, wazee wasioweza kusimama kwenye foleni, na wagonjwa wanaomeza dawa kila siku ambao dawa zao zilikwenda na maji. Nilimweleza ratiba yetu, kwamba tungeanza na ibada, tungegawa nguo, kisha unga, kisha tungepiga picha ya pamoja na kwenda kulala Kisumu. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza kama tumekuja na kuni au makaa, kwa sababu unga walikuwa nao kidogo, ila hapakuwa na ukuni mkavu hata mmoja. Hatukuwa na kuni. Tulipofungua marobota ya nguo, ndani yake mlikuwa na makoti mazito ya baridi ya huku kwetu, suti za kiume na viatu vya visigino virefu. Hapakuwa na leso, hapakuwa na nguo za ndani, hapakuwa na sodo za wasichana. Mama yule alishukuru kwa kila kitu alichoonyeshwa, na shukrani yake ilinichoma kuliko ambavyo lawama ingenichoma.

Kisha akatuambia haja yake. Kufunguliwa kwa shule kulikuwa kumeahirishwa nchi nzima kwa sababu ya mafuriko, na sasa muhula wa pili ulikuwa unaanza Jumatatu, tarehe 13 Mei. Familia zilikuwa zikihama kutoka madarasani kwenda kwenye mahema upande wa pili wa uwanja. Vyoo vya shule, vilivyojengwa kwa ajili ya wanafunzi wa kutwa, vilikuwa vimetumiwa na mamia ya watu usiku na mchana. "Kama mmekuja na mikono," alisema, "mimi ninahitaji mikono kule vyooni."

Palikuwa na ukimya ambao sitausahau. Miongoni mwetu walikuwamo wazee wa kanisa, mkurugenzi wa kwaya, na watu wenye ofisi na wasaidizi wa ofisi. Aliyeuvunja ukimya alikuwa kijana ambaye kamati ilikuwa imesitasita kumchukua kwa kuwa hakuwa na kadi ya ushirika, kijana anayeosha magari hapa mjini. Alikunja suruali, akauliza ndoo ziko wapi. Mama mwenyekiti akamwambia kwanza avae buti za mpira na glavu, akamwonyesha namna ya kuchanganya dawa ya klorini na mahali pa kumwaga maji machafu ili yasirudi kisimani, kwa kuwa kipindupindu hufuata uzembe wa namna hiyo. Sisi wengine tulifuata. Tulisafisha Jumamosi kutwa, na tukarudi tena Jumapili baada ya ibada, tukiongozwa na kijana yule, ambaye alitugawia kazi bila kutuaibisha. Mimi kwa umri wangu nilipewa kuteka maji. Ibada hiyo ya Jumapili waliiendesha wenyeji, chini ya mti, na sisi tuliketi nyuma. Sikuombwa kuhubiri. Nilikuwa na hotuba nzuri mfukoni, na niliirudisha nyumbani ikiwa imelowa jasho.

Kuna mambo mawili ya siku zile ambayo nisingependa kuyaruka. La kwanza ni la picha. Ijumaa jioni, mmoja wa wasichana wetu alimpiga picha mzee mmoja akipokea pakiti ya unga, na mzee akaugeuza uso wake ukutani. Nilikwenda kuketi naye baadaye. Alikuwa mwalimu mstaafu, kama mimi. Aliniambia kwamba wanafunzi aliowafundisha wako kila pembe ya nchi hii, na kwamba hakutaka hata mmoja wao amwone akiwa amenyoosha mikono namna ile. Msichana wetu aliifuta picha ile mbele yake na kumwomba radhi, na usiku huo tulikubaliana kwamba simu zibaki mikobani. La pili ni la bango. Jumamosi asubuhi mama mwenyekiti aliniuliza kwa adabu kama anaweza kulitumia, kwa maana lilikuwa turubali zito. Nilisita kwa kitambo kidogo, nakiri mbele yenu. Jioni nililikuta limekuwa ukuta wa bafu la wanawake, nyuma ya mahema, limefungwa kwa kamba kwenye miti minne, na upande wenye jina letu umegeuzwa ndani. Kwa majuma mengi wanawake wa kambi ile waliweza kuoga mchana bila kuonekana. Katika kila kitu tulichopeleka Kano, sidhani kuna kilichofaa kuliko hicho.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ni gumu kwangu kulisema hadharani. Tulirudi Jumatatu kwa barabara ya Awasi na Kericho. Tulipokaribia njia panda ya Londiani, yule kijana wa kuosha magari aliniuliza mto Nyando unaanzia wapi. Nikamjibu kama mwalimu, kwamba matawi yake hutoka milima ya Nandi na Tinderet, na mengine hutoka huku huku Londiani. Nilipolitamka jina hilo sauti yangu ilikatika. Nina shamba upande huo, nililoachiwa na baba. Kijito kinachopita chini yake hushuka kuelekea Nyando. Baba aliiacha miti kando ya kijito hicho, na mimi niliikata nikitafuta karo, kisha nikalima viazi hadi ukingoni kabisa mwa maji, ambako sheria na akili vyote vinakataza. Kila masika tangu wakati huo nimeona kijito kile kikibadilika rangi kuwa nyekundu, nikajiambia kwamba ni kawaida ya mvua.

Mafuriko ya Kano hayakuletwa na shamba la mtu mmoja. Lakini udongo unaotoka kwetu hujaza mto huko chini ukapungua kina, na mto usio na kina hupasua kingo zake upesi. Nilikuwa nimekwenda Kano kama mtu mwema anayewahurumia walioonewa na mvua. Bibi mkongwe alikuwa ameinama mbele yangu, kwa maji aliyoyatoa katika upungufu wake, akaniosha miguuni tope ambalo sehemu yake huenda ilitoka shambani kwangu. Tangu siku hiyo neno "msaada" hunikwama kooni ninapowafikiria watu wa Kano. Ninachowapelekea naona ni kama malipo kidogo ya deni.

Ukingo wa kijito nimeuacha sasa. Nimepanda mianzi na miti ya kiasili, na jirani zangu wawili wamefuata. Viazi nimevirudisha juu. Mavuno yamepungua, na ni haki yapungue.

Ndugu zangu, karatasi za kujiandikisha ziko mezani kwa katibu. Mtaona kwamba sehemu ya kuandika cheo chako kanisani haipo. Badala yake kuna mahali pa kuandika unachojua kufanya kwa mikono: kupika kwa ajili ya watu wengi, kushona, kuendesha lori kwenye tope, kuhudumia mgonjwa, kusafisha choo, kuketi na mzee bila kusema neno. Hakuna ujuzi mdogo katika orodha hiyo. Bango hatutachapisha. Mama mwenyekiti wa kule Kano nimewasiliana naye juma lililopita, kabla ya mvua, nikamwomba safari hii aseme yeye kwanza. Ameniambia tulete mitungi ya maji yenye vifuniko, dawa ya kutibu maji, sodo, leso, tochi, makaa makavu yaliyofungwa vizuri, na kamba ndefu nyingi. Ametuomba tusilete makoti.

Amesema pia kwamba Dani yu hai na ana nguvu, na kwamba anauliza tutafika lini, kwa sababu karai lipo.